Mudkip Yuko Kivinje: Jinsi ya Kumwona Samaki Anayetembea Topeni

Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, inapokaribia saa tano asubuhi, bahari ya Kilwa Kivinje huwa imekimbia mbali na mashua zimelalia ubavu juu ya tope. Anayefika ukingoni mwa mikoko saa hiyo na kutulia kidogo ataona tope lenyewe linaanza kuchezacheza. Kitu chenye ukubwa wa kidole kinaruka. Kinatua, kinajiinua kwa mapezi mawili ya kifuani kama mtu anayejiinua kwa viwiko, kisha kinageuza macho mawili yaliyotokeza juu ya kichwa. Ni samaki. Yuko nchi kavu, na hana haraka ya kurudi majini.

Kwa mtoto aliyekulia na michezo ya Pokémon, jina la kiumbe huyo liko mdomoni tayari: Mudkip.

Mudkip alizaliwa Japani mwaka 2002, katika michezo ya Pokémon Ruby na Pokémon Sapphire. Ni mmoja wa viumbe watatu ambao mchezaji huchagua mmoja wa kuanza naye safari, na ndiye wa upande wa maji. Rangi yake ni buluu. Kichwani ana pezi kubwa linalomwezesha kuhisi mwendo wa maji na hewa inayomzunguka, na mashavuni ana matamvua ya rangi ya chungwa yaliyochomoza nje. Mchezo unampa kimo cha sentimita 40 na uzito wa kilo 7.6. Akifika levo ya 16 anageuka kuwa Marshtomp, na levo ya 36 anakuwa Swampert, jitu la matopeni linaloweza kuburuta jabali lenye uzito wa zaidi ya tani moja.

Marshtomp ndiye wa kumtazama kwa makini. Maelezo yake ndani ya mchezo yanasema ngozi yake imefunikwa utando mwembamba unaonata, ambao ndio unamwezesha kuishi nchi kavu. Kwamba anakwenda kasi zaidi topeni kuliko anavyoogelea. Na kwamba hucheza kwenye tope la ufukweni maji yanapokupwa. Mtu aliyekulia Kivinje, Songo Mnara au kando ya mto Lukuledi akisoma maneno hayo atadhani mwandishi wake aliwahi kusimama kwao. Asili yake, hata hivyo, iko kwa Wajapani wenyewe. Kwa Kijapani Mudkip huitwa Mizugorō, jina linalokaribiana sana kwa sauti na mutsugorō, samaki wa tope maarufu wa Bahari ya Ariake. Yale matamvua ya mashavuni nayo yanafanana na ya aksolotli, amfibia wa maziwa ya Xochimilco huko Meksiko, ambaye hubaki na matamvua yake ya nje maisha yake yote.

Mwongozo huu ni kwa mzazi, mwalimu, kaka au dada mwenye mtoto anayemjua Mudkip kwa moyo na ambaye hajawahi kukanyaga mikokoni. Ni kwa mtu mzima pia. Pwani ya Kilwa na Lindi ina mikoko mingi, na samaki huyu hahitaji kutafutwa kwa tochi. Anachohitaji ni mtu aje saa inayofaa na akae kimya.

Kwanza maji. Ukikosea hapa, mengine yote ni kazi bure. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na ratiba yake inaufuata mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana jedwali la maji tayari. Tarehe 1 hadi 4, na tena 15 hadi 18, ni siku za bamvu: maji yanatoka mbali, na yanatoka kati ya asubuhi na adhuhuri, wakati mwanga ni mzuri. Ukiangukia tarehe 8 au 22 utakuta maji mafu. Yatasogea kidogo tu, na kupwa kwenyewe kutakuja alasiri. Safari si lazima ivunjike, lakini uwanja wa kutazama utakuwa mdogo.

Panga ufike saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa. Utaingia huku maji yakikutangulia kutoka, na utakuwa na muda wa kutosha kabla hayajageuka. Kabla hujashuka, muulize mvuvi au mama anayeokota tondo maji yatarudi saa ngapi na yataanzia mkondo upi. Jibu lake ni bora kuliko hesabu yoyote ya karatasini, kwa sababu anaijua ile mikondo ambayo hujaa nyuma ya mtu kabla hajaona chochote mbele yake. Muulize pia wao humwitaje yule samaki, na uliandike jina hilo palepale, pamoja na jina la kijiji.

Mahali si tatizo. Kivinje ndiko rahisi kufika: ukitoka barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi unaingia Nangurukuru, na toka hapo si mbali. Mikoko iko pande zote mbili za mji, na kaskazini zaidi kuna mlango wa mto Matandu. Anayekwenda Kilwa Kisiwani au Songo Mnara kuona magofu, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, apange siku yake ili maji yanayokupwa yamkute huko. Kibali cha kuingia magofuni kinachukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Songo Mnara ina raha yake: njia ya kutoka chomboni hadi magofuni hupita mikokoni, na mgeni anavua viatu akiwaza misikiti na makaburi, asijue kwamba chini ya mti wa kwanza kuna kinachomtazama. Lindi mjini, nenda upande wa mlango wa Lukuledi, au vuka ng'ambo ya Kitunda.

Miguuni vaa raba kuukuu za kufunga kwa kamba. Kandambili ziache nyumbani, tope huzinyonya zikabaki chini. Peku ni hatari, kwa sababu mizizi ya mkoko hushikwa na chaza wenye kingo kali kama wembe, na kuzunguka kila mti wa mchu kuna mamia ya vizizi vilivyochomoza juu kama penseli zilizosimamishwa. Tembea kando ya vizizi hivyo, kwa sababu penye mizizi tope huwa gumu kidogo. Palipo laini na kung'aa kama samli, pakwepe. Mguu utazama hadi gotini. Beba maji ya kunywa, kofia, na shati la mikono mirefu kwa ajili ya mbu na usubi. Mtoto mdogo ashikwe mkono.

Ukishafika, kaa. Hili ndilo linalowashinda wengi. Samaki huyu ana macho yanayoona vizuri hewani, na mtu mzima aliyesimama ni mnara kwake. Atakimbia kwa kuruka mara tano, sita, na kujitosa shimoni. Chagua mzizi mnene au gogo, keti jua likiwa mbele yako ili kivuli kianguke nyuma, na uhesabu dakika kumi bila kusimama. Watarudi. Wa kwanza atatoa macho tu juu ya dimbwi. Kisha kichwa, kisha mwili wote, na baada yake utaona wengine ambao walikuwepo tangu mwanzo, wamejibanza tu rangi yao ikafanana na tope.

Anayeonekana sana ni yule ambaye wataalamu humwita Periophthalmus argentilineatus, jina linaloelezea mistari myembamba ya fedha iliyo ubavuni mwake. Mtazame macho. Samaki wengi hawana kope wala hawapepesi. Huyu hupepesa: jicho linazama ndani ya kichwa, ngozi inalifunika, halafu linaibuka tena liking'aa. Wanasayansi wa Marekani waliochapisha utafiti wao mwaka 2023 walionyesha kwamba anapepesa kwa sababu zilezile za binadamu, yaani kulilowesha jicho, kulisafisha na kulikinga. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu mipepeso ya samaki mmoja kwa dakika tano, na aandike kama jua lilikuwa kali au kulikuwa na wingu.

Halafu ngoja ajiviringishe. Kila baada ya muda anajilaza ubavu ndani ya dimbwi, anageuka upande wa pili, na kuinuka akiwa amelowa. Hapo ndipo ule utando wa Marshtomp unapopata maana. Samaki huyu anavuta hewa kupitia ngozi yake na kuta za ndani za kinywa na koo, na ngozi iliyokauka haipitishi hewa. Wakati huohuo huhifadhi maji kidogo mashavuni, ndiyo maana anaonekana kama mtu aliyejaza mate.

Maji hayo ya mashavuni yana kazi nyingine ambayo hakuna mchezo wa Pokémon uliowahi kuibuni. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walimpiga picha za kasi kubwa ndugu yake wa Afrika Magharibi akila. Waliona kwamba anapokaribia chakula anayatoa maji kinywani kidogo, yanakizunguka chakula, kisha anayanyonya tena pamoja na windo lake. Hana ulimi wa kunyakulia, kwa hiyo maji yenyewe ndiyo ulimi. Ukikaa karibu na kuona samaki amemshika kaa mdogo kisha akaenda moja kwa moja dimbwini, anakwenda kuujaza ulimi wake upya.

Pezi la mgongoni likisimama ghafla kama tanga, tazama jirani. Kuna mwingine ameingia eneo lisilo lake, au kuna jike. Madume huinua pezi, huruka juu na kuanguka palepale, na ugomvi wao huisha bila damu. Samaki hawa wanachimba mashimo kwa vinywa vyao, wakitema tope donge baada ya donge, na ndani kabisa kuna chumba chenye hewa ambamo mayai hutagwa. Huko Japani imeonekana mzazi akigugumia hewa juu, akashuka nayo mdomoni na kuiachilia chumbani ili mayai yapumue. Kwa hiyo kila tundu lenye tope jipya pembeni lihesabu kuwa ni nyumba yenye watoto, na upitishe mguu wako mbali.

Hapo linakuja swali la kukamata, maana Pokémon ni mchezo wa kukusanya. Satoshi Tajiri, aliyeuanzisha mwaka 1996, alikuwa mtoto wa kukimbiza wadudu vichakani, na alitaka watoto wa mijini waionje furaha hiyo. Furaha hiyo ni halali kabisa. Lakini samaki wa tope aliyetiwa kwenye chupa ya maji, mfuniko ukafungwa na chupa ikawekwa juani, atakufa kabla hamjafika barabarani. Anahitaji hewa kuliko maji mengi. Mkusanyo wa mikokoni ni daftari: tarehe ya mwezi, saa, mahali, ukubwa ukilinganishwa na kidole, alikuwa anafanya nini, na mchoro. Picha ya simu ipigwe kwa kuvuta karibu bila kumsogelea. Mikoko yenyewe ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kukata hata fito bila kibali ni kosa. Mkienda kundi kubwa, la shule kwa mfano, toeni taarifa serikali ya kijiji kabla ya kushuka.

Mtoto pia aambiwe ukweli wa ukoo wa huyu samaki. Mudkip ana sura ya amfibia, lakini wa Kivinje ni samaki halisi, si wa ukoo wa amfibia. Hazai viluwiluwi wanaoota miguu. Vilevile kile kinachoitwa mageuzi ndani ya mchezo, kiumbe mmoja kugeuka mbele ya macho yako baada ya kushinda mapambano, kinafanana zaidi na kiluwiluwi kugeuka chura kuliko na mageuzi ya viumbe yanayofundishwa darasani, ambayo huchukua vizazi kwa vizazi.

Ukitaka amfibia wa kweli wa Lindi, ipe bahari mgongo. Ngozi ya chura inapitisha maji, na chumvi ya bahari humuua. Subiri mvua, kuanzia Novemba au Desemba, uende kwenye madimbwi ya bara, na kama una uwezo upande hadi Rondo, ule uwanda wenye msitu magharibi ya Lindi. Juu ya dimbwi, kwenye tawi lililoinamia maji, tafuta kitu cheupe kama povu la sabuni kilichokauka, kikubwa kama chungwa au zaidi. Ni kiota cha chura wa mtini aitwaye Chiromantis xerampelina. Usiku jike hutoa ute, naye pamoja na madume waliomzunguka huupiga kwa miguu ya nyuma kama mtu anayepiga mayai kwa uma, mpaka unaumuka. Nje panakauka, ndani panabaki majimaji. Baada ya siku kama tano, viluwiluwi hupenya chini ya povu na kudondoka, kimoja kimoja, dimbwini. Ukikuta kiota, usikiguse. Keti chini ya tawi la jirani na usikilize matone. Chura mwenyewe mchana hukaa juani bila kukauka, na jua likizidi hugeuka rangi na kuwa karibu mweupe.

Kabla ya kutoka dimbwi moja kwenda jingine, osha raba zako na uziache zikauke juani. Kuna kuvu anayeua vyura anayehama kwa tope na maji. Tanzania inamjua vizuri: chura mdogo wa maporomoko ya Kihansi, baada ya maji yake kupunguzwa na mradi wa umeme, alikumbwa pia na kuvu huyo, akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wamehifadhiwa Marekani, na mwaka 2012 ndipo walipoanza kurudishwa porini Kihansi.

Kwa mchezaji wa Ruby na Sapphire, Kilwa ina jambo moja zaidi. Katika michezo hiyohiyo yumo Relicanth, samaki wa kale anayepatikana chini ya bahari, ambaye bila kuwa naye huwezi kufungua vyumba vya siri vya miamba. Relicanth ni silakanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka pamoja na dinosari mpaka Desemba 1938, alipopatikana Afrika Kusini na Marjorie Courtenay-Latimer akamtambua kuwa si wa kawaida. Septemba 2003, mwaka mmoja tu baada ya michezo ile kutoka Japani, silakanti wa kwanza kujulikana Tanzania alinaswa na wavuvi karibu na Songo Mnara. Baada ya hapo walipatikana wengi upande wa Tanga, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake huko.

Huyu hutamwona ukiwa umekaa juu ya mzizi. Anaishi kwenye mapango ya bahari, mita 100 na zaidi kwenda chini. Mchezo unasema Relicanth hana meno na anakula vijidudu. Silakanti ana meno na anakula samaki na ngisi. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba anaweza kufikisha miaka 100, na kwamba jike hubeba mimba kwa miaka mitano hivi. Ndani ya mapezi yake manono kuna mifupa iliyopangika kama ya mkono, na kwa ukoo yuko karibu zaidi na chura, na nasi pia, kuliko yule samaki mdogo anayetembea mbele ya macho yako. Mweleze mtoto hayo mkiwa palepale Songo Mnara, bahari ikiwa mbele yenu, na atawasahihisha wenzake shuleni kwa mwaka mzima.

La mwisho ni hali ya hewa. Swampert, kwa mujibu wa mchezo, husikia dhoruba kabla haijafika, kwa mapezi yake, katika sauti ya mawimbi na upepo. Watu wa pwani hii wanajua kwa nini kipaji hicho kina thamani. Aprili 15, 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja na mvua zilizokata barabara ya kusini eneo la Somanga. Katika miezi ya Aprili na Mei sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka, na kama imetolewa tahadhari, ahirisha.

Ukiwa topeni, alama ya kuondoka utapewa na samaki wenyewe. Maji yakigeuka, kabla hujaona mkondo ukijaa, wataanza kuacha uwanda na kusogea kuelekea miti. Wanapanda mizizi ya mkoko kwa mapezi ya kifuani, huku mapezi ya chini yakishika gome, kimo cha kiganja juu ya maji, kisha viwili. Wakati huo funga daftari, hesabu watoto uliokuja nao, na mrudi kwa njia mliyojia. Ukifika ukingoni geuka mara moja tu: mara nyingi watakuwa wamejipanga juu ya mizizi, wameelekeza vichwa juu, mikia ikigusa maji.